Samaki Asiyekula Akitazamwa

Lushoto, Jumapili, baada ya chai ya jioni

Tabita mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana nakusikia kupitia ukutani, wewe na bibi yako jikoni, mnachemsha maharage na kuwasema watu wa kanisani. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Isome usiku huu huu, usiende kuisoma ndani ya basi. Baba yako analala Mombo leo, na kesho atapanda na gari la kwanza kuja kukuchukua uende kwake Tanga, na akishafika hakutakuwa na nafasi ya mimi na wewe kusemezana.

Mambo ya sabuni, soksi na cheti cha shule bibi yako ameyamaliza. Mimi nina jambo moja tu, ila nahisi nitalizunguka sana kabla ya kulifikia. Univumilie.

Nimekaa kwenye kiti chako cha kufanyia hesabu, uso dirishani, na tangi la samaki liko nyuma yangu. Yule chaza wa mwisho katika gunia alilotuma baba yako nimempasua sasa hivi. Gamba nimelibana kati ya mawe mawili, pale pale unapolibana wewe, nyama ikiangalia juu. Kisha nimegeuka, nikachukua kalamu. Nasikia upepo ukitoka kwenye mpira wa lori na kububujika ndani ya maji, lakini samaki mwenyewe, kitatange wetu, simwoni na sijui anafanya nini. Shingo inaniwasha kwa hamu ya kugeuka. Ndiyo sababu naandika, ili mikono na macho viwe na kazi.

Sharti ulilotoa nalikumbuka neno kwa neno. Ilikuwa Jumatatu, unaujaza upepo ule mpira wa tangi kwa pampu ya baiskeli, hukuniangalia hata usoni.

“Mama, akila kwako, nitaondoka.”

“Na asipokula?”

“Baba atarudi peke yake.”

Bibi yako akacheka mpaka akashika kiuno. “Mtoto huyu kaweka posa ya samaki,” akasema. “Mwalimu, jitahidi, usije ukakataliwa na nyoka wa maji.”

Tangu siku hiyo nimempa asubuhi na jioni, na hajala hata mara moja akiwa nami. Anakula kwako tu. Na mimi wiki nzima nimekuwa nikitoka darasani kabla kengele haijapoa, narudi nyumbani mbio, naingia, natoka, nafungua dirisha, nafunga dirisha, nafuta vumbi mahali ambapo nimeshafuta. Unajua kinachonizungusha hivyo? Ni kwamba asipokula, nabaki na wewe. Sina haja ya kusema neno lolote baya, wala kulia, wala kugombana na baba yako. Samaki tu asile. Nimekuwa nikikata chaza kwa mkono mmoja nikiomba ale, na kwa mkono mwingine nikiomba akatae. Mtu hawezi kulisha kiumbe chochote akiwa katika hali hiyo.

Ngoja nikueleze jinsi tangi hili lilivyofika mlimani, maana unajua vipande tu.

Baba yako alihamishiwa hapa kuwafundisha wakulima kuchimba mabwawa ya samaki. Ulikuwa mwaka wa Uhuru, wewe ukiwa tumboni. Yeye ni mtu wa Tanga, amezaliwa na chumvi miguuni. Baridi ya hapa ilimtesa, akawa analala na koti. Akanunua vioo vya dirisha, akaviunga kwa puti, chini akaweka bati zito, akasema, “Nitaleta bahari humu ndani, tuone kama ukungu wenu utaingia.” Nikamcheka. Kumbe alikuwa hatanii.

Maji ya kwanza yalipanda kutoka Tanga katika debe lililokuwa la mafuta ya taa. Tulilisugua kwa majivu na mchanga, mimi na yeye, tukalinusa, tukasema ni safi. Samaki wale wawili wa mwanzo hawakuiona kesho yake. Ndipo tukatafuta zile chupa kubwa za kioo zilizofumiwa ukindu, ambazo unazijua. Samaki waliofuata walinusurika na mafuta, wakaja kuangamizwa na mimi. Kila maji yalipopungua, nilijazia maji ya bahari. Niliona ndiyo haki yao, kwa nini niwape ya mvua? Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikichora jua, sufuria na mishale ya mvuke, nikiwaeleza watoto kwamba maji hupanda na chumvi hubaki. Sikuoanisha kabisa somo la ubaoni na tangi la nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo, umesimama juu ya kigoda, ukachovya kidole, ukalamba, ukakunja uso. “Mama, hii ni kali kuliko ya kwa baba.” Nikakwambia usilambe maji ya samaki. Tafi wetu mmoja alikufa kabla sijaelewa ulichoniambia.

Na baridi. Hili bado linaniuma kuliko mengine. Mwezi kama huu wa Julai, ukungu umekaa mpaka saa nne, samaki wote wakaacha kula. Nikasema wanachagua, wana maringo. Nikaanza kuwabadilishia chakula kama mtu anayembembeleza mgeni: leo dagaa waliosagwa, kesho kiini cha yai, keshokutwa minyoo ya bustanini. Mabaki yakaoza chini, maji yakawa kama mchuzi uliolala. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kukumbusha kazi ya Jumamosi kwenye shamba la pamoja, akasimama hapo mlangoni, akatazama yai langu likizama.

“Mwalimu, huyu samaki ni wako au ni wa kijiji?”

“Ni wangu, mzee.”

“Anakula yai na hashiki jembe. Huyu ni bepari.”

“Yai lenyewe hali, mzee.”

“Basi ni bepari mgonjwa,” akasema, akaondoka zake.

Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu kulikuwa na watoto darasani mwangu ambao hawakuwa wameona yai wiki hiyo. Nikaingiza mkono kwenye maji ili nitoe uchafu, na mkono ukafa ganzi. Nikabaki nimesimama nao mle ndani. Samaki wa matumbawe, wa maji vuguvugu, nimewaweka kwenye baridi ya Lushoto, halafu nawaita wenye maringo. Jioni hiyo niliwasha chemli, nikaiweka chini ya lile bati, kama unavyoiwasha wewe sasa. Kesho yake chewa mdogo alikula dagaa yule yule aliyekuwa akimkataa.

Sikuelezi haya ili uwe fundi wa samaki. Nakueleza kwa sababu huko Tanga utakutana na watu watakaokuambia kwamba wewe ni mtoto wa kuchagua. Mama yako mdogo, mke wa baba yako, ni mwanamke mwema, nimekaa naye, lakini anapika kwa nazi na pilipili, na nyumba yake ina kelele, na wewe ukiwa na hofu koo lako hufunga. Najua, kwa sababu nililifunga mimi.

Ulikuwa hujaanza kusimama. Uliugua, ukakonda, ukawa unageuza uso kila ukiona kijiko. Baba yako alikuwa ameshaomba uhamisho wa kurudi chini. Bibi yako akasema, mpe kwa kiganja. Unaijua namna ile: mtoto analazwa mapajani, kiganja kinawekwa mdomoni kama kikombe, uji unamiminwa, apende asipende ameze apate pumzi. Mimi msomi nilikataa. Niliwaambia kina mama wote wa kliniki kwamba ni kosa. Kisha siku moja tukiwa wawili tu, uliponifungia mdomo kwa mara isiyohesabika, nikakulaza mapajani nikafanya vile vile. Ulimeza. Na baada ya hapo, kwa siku kadhaa, ulikula kwa bibi yako, ulikula kwa dada wa jirani, ukiniona mimi unafumba mdomo. Bibi yako hakunisuta. Alichosema ni, “Anakukumbuka mkono. Kaa mbali naye kidogo, apate njaa bila wewe.” Nilikaa mbali kidogo. Nilikaa nyuma ya mlango, nikikuchungulia kwenye ufa.

Upepo kwenye mpira umeanza kuwa hafifu. Nimenyoosha mguu nikaubana mpira kwa kisigino ili usizime, bila kugeuka. Ungeniona ungecheka.

Sasa nifike kwa kitatange. Wewe ulikuwapo, likizo ile ya Krismasi kwa baba yako, maji yamekupwa, mvuvi anafungua mtego wake wa dema juu ya mawe. Unajua namna ya kumchagua samaki wa kukaa naye, maana nilikuwa nimekufundisha njia nzima kutoka Mombo. Unamtazama kwanza nyuma ya kichwa, kama pamebonyea ujue hajala siku nyingi. Unatazama tumbo. Unatazama kama jicho linakufuata. Halafu, hata akiwa mzuri namna gani, unaomba atupiwe chakula mbele yako, na kama hakugusa, unamshukuru mwenye samaki na kumwacha.

“Mwalimu, mchukue kikande yule,” baba yako akasema. “Anakula hata kamba za viatu.”

“Kikande ana sura ya balozi wetu.”

Ukacheka mpaka ukakaa kwenye maji.

“Basi huyo kitatange humwezi. Amezoea kudonoa matumbawe yaliyo hai. Huko juu utampa nini, mchicha?”

“Atajifunza.”

“Utamfundisha kwa ubao au kwa fimbo?”

Nikamchukua. Sikumwomba mvuvi amtupie chochote, maana nilijua hatagusa. Nilichukua ile rangi ya njano na ule mstari mweusi juu ya jicho, nikasahau somo langu lote. Na baba yako, usicheke, nilimchukua vivyo hivyo. Hakuwa mtu mbaya, wala si mbaya leo. Nilimpenda akiwa kwao, na nilichotaka ni kumwona akistawi kwangu. Nilimpa kila nilichokuwa nacho: bada ya moto, ugali wetu, blanketi, kwaya, ndugu zangu wote. Sikumwuliza hata siku moja anakula nini. Alipokonda nikasema anaringa. Alipoondoka nikasema amenikimbia. Imenichukua miaka na samaki kadhaa kuacha kusema hivyo.

Kitatange alipofika hapa ulimwona nilivyomfuata. Nilifunga kipande cha kamba wa baharini kwenye kijiti nikakipitisha mbele ya mdomo wake, akaenda kushoto nami kushoto, akajificha nami nikamtoa. Mbavu zikaanza kuonekana. Wewe ndiye ulikuja siku moja na daftari la hesabu, ukabana chaza kwenye mawe, ukampa mgongo. Sikukutuma. Nilikuuliza kwa nini unakaa hivyo, ukanijibu, “Na mimi sipendi kutazamwa nikila.” Ulisema kwa upole tu, hukuwa na nia ya kunichoma. Hesabu zilipokwisha, nyama ilikuwa imedonolewa pembeni.

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo wiki nzima, nikidhani linamhusu samaki na linakuhusu wewe. Jana usiku ndipo nilipoona kuna mtu wa tatu.

Tulikuwa mezani. Ulikuwa umemaliza, lakini hukuinuka. Ulikuwa unanitazama mkono. Kisha ukachukua kiazi kwenye sahani yako ukakiweka kwenye yangu.

“Kula, mama.”

“Nimeshiba.”

“Tangu Jumatatu?” bibi yako akauliza. “Nyumba hii ina viumbe viwili visivyokula, na kimoja kina digrii ya ualimu.”

“Sina digrii, mama. Nina cheti.”

“Basi kula kwa cheti.”

Wewe hukucheka. Kwa kawaida ndiwe unayecheka wa kwanza. Nikakuona jinsi ulivyokunja uso, na nikaelewa kwamba hukumwekea sharti samaki. Huogopi kwamba kitatange atakufa ukiondoka. Unataka kuona, kabla hujapanda basi, kwamba ndani ya nyumba hii kuna kitu kinachoweza kula na wewe hupo. Hukuweza kuniambia hivyo usoni, ukamtuma samaki akuulizie.

Tabita, wewe ndiwe uliyesema unataka kwenda. Baba yako alikuuliza mbele yangu, akakupa siku za kufikiri, ukasema ndiyo. Nilikuona ukisema ndiyo na macho yako yakikimbilia kwangu. Unataka kuona samaki hawa wanakotoka, unataka shule ile, unataka kumjua baba yako si kwa likizo tu. Hayo ni matakwa mazuri, na hukuyaiba kwa mtu. Usiyalipie kwa kunilinda.

Kwa hiyo hapa nilipo, kabla sijageuka, kabla sijajua lolote kuhusu lile gamba, nimeamua. Sharti lako nalifuta. Kesho utaondoka, awe amekula au hakula. Na kitatange ataondoka nawe. Utampakata kwenye chupa ya ukindu, tutaizungushia majani ya migomba na kanga yangu nzito, na mkishafika Mombo joto litamsaidia. Baba yako anajua pale nje ya bandari ambapo matumbawe yako hai. Mwambie kwamba mwalimu anakiri yeye ndiye aliyesema kweli kuhusu mchicha. Amwachie hapo, na wewe uwepo.

Simrudishi kwa sababu ameshindikana, na usidhani nimemchoka. Chaza amekwisha, na wewe unayemwezea unakwenda. Nikimbakiza, nitakuwa namtazama kila siku ili nione kama mbavu zimetoka, kisha nakuandikia habari za mbavu zake, na wewe huko hutapata raha. Nimeshawahi kumweka mtu mlimani kwa ajili ya fahari yangu. Sitaki tena.

Tangi likibaki tupu nitalibeba mpaka darasa la nne. Watoto waweke viluwiluwi vya chura humo, vinakula chochote, na balozi hatapata la kusema.

Huko unakokwenda, kama chakula hakipiti, usikifiche chini ya godoro kama ulivyofanya kwa shangazi yako. Mwambie mama mdogo, “Shikamoo, naomba nikakae pale kidogo.” Kaa karibu na kina mdogo wako wanapocheza, wape mgongo wakubwa, na njaa itakuja yenyewe. Akiuliza kwa nini, mwambie ukweli. Kama atakutazama kwa hofu, mwonee huruma, hata mimi nilikutazama hivyo. Na kama siku moja utataka kurudi, rudi. Usingoje mpaka ukonde ndipo upate ruhusa ya kurudi.

Sasa nageuka.

Hajala. Amesimama nyuma ya jiwe la kushoto, mapezi yanapepea taratibu, na nyama iko vile vile nilivyoiweka, haina hata alama. Nimemtazama kitambo. Ningeweza kuandika hapa kwamba amekula, na usingejua, na ungelala vizuri. Hajala, mwanangu. Na kesho utaondoka.

Bibi yako anaita kwamba maharage yameiva, na anauliza kama mwalimu ataletewa chakula kwa kijiti. Nakuja. Nina njaa, kweli, nimeisikia sasa hivi nilipotaka kuinuka. Sitakuacha unipakulie, nitajipakulia mwenyewe. Nawe utaongea na bibi yako mambo yenu ya kanisani, wala hutakuwa na haja ya kunihesabia matonge.

Alfajiri tutamtoa pamoja. Hatutatumia wavu, maana miba yake ya mgongoni hunasa akaumia. Tutatumia bakuli kubwa la kukandia unga. Utalishika wewe, kwa kuwa mkono wako anaujua, nami nitamsogeza kwa nyuma polepole. Akiogopa, tusimkimbize. Tutalizamisha bakuli, tutalishikilia kila mtu upande wake, na sote wawili tutatazama dirishani mpaka aingie mwenyewe.

Mama yako